Leiber Collection kule Springs, na mkoba wa Judith Leiber wa mtumba: maoni yangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: nendeni. Kama upo New York, au unapita kipindi cha joto, na unapenda mikoba, au hata hupendi mikoba ila unapenda kuona kazi ya mtu aliyeijua kazi yake mpaka mwisho, Leiber Collection, makumbusho ya mikoba ya mbunifu Judith Leiber, inastahili siku yako nzima, tena kiingilio ni bure. Kuhusu mikoba yenyewe, kwamba ununue au usinunue na ukinunua uchukue ipi, hapo jibu langu ni refu, ndo maana nimekaa kuandika, kwa sababu mimi nashona mikoba ya ngozi kwa mikono yangu na nimeshanunua mmoja wa kwake wa zamani nikaukagua kila upande, nje ndani.

Wengi wanalijua jina la Judith Leiber kutokana na zile pochi zenye umbo la chipsi, baga, chupa ya shampeni, zimejaa vijiwe mwili mzima, unaziona mikononi mwa mastaa kwenye zulia jekundu, bei dola elfu kadhaa kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja. Hizo ni za kampuni ilivyo sasa hivi chini ya wamiliki wengine. Zina mashabiki wake na mimi sigombani nao. Ila mwenye jina alistaafu 1998 na alifariki 2018, na kuna Judith Leiber mwingine ambaye hizo pochi za chipsi hazikuonyeshi, fundi wa Kihungaria aliyefika New York 1947 akiwa na ufundi kichwani na mume Mmarekani pembeni, na huyo ndo unaenda kumkuta Springs.

Springs ni kijiji ndani ya East Hampton, mwisho mwisho huko wa Long Island, makumbusho yenyewe ipo Old Stone Highway. Ni kwao kabisa. Judith na mume wake Gerson, ambaye kila mtu alimwita Gus, walikuwa na nyumba hapo tangu miaka ya 1950, baadae wakajenga jengo la makumbusho kwenye eneo lao wenyewe, wakalifungua 2005. Ndani kuna mikoba ya mke na michoro ya mume. Nje kuna bustani ambayo Gus aliipanga mwenyewe mwaka baada ya mwaka, ua mrefu uliokatwa vizuri, njia zinazokupeleka kwenye sanamu, unatoka uwazi huu unaingia uwazi mwingine. Kuna watu naona wanapita bustanini haraka wawahi ndani kwenye vitu vya kung'aa, mimi nashauri fanyeni kinyume, anzeni nje, tulieni, maana bustani inawaonyesha Gus alikuwa mtu wa aina gani na bila Gus hii hadithi haipo.

Sasa jengo. Si kubwa. Usiende ukitegemea kumbi kumi na lifti. Ni jengo la mtindo wa kizamani wa Kiitalia, limetulia, mwanga mzuri, na udogo wake kwangu ni faida kwa sababu unasimama karibu na kila mkoba, unaona gundi imekaa wapi na uzi umepita wapi. Kwenye makumbusho makubwa, na kazi zake zipo Metropolitan, zipo Smithsonian, zipo Victoria and Albert kule London, unakuta mkoba mmoja au miwili katikati ya vitu vingine elfu. Springs unakutana na maisha ya mtu mzima kwa pamoja, na ndo hapo macho yanaanza kuelewa.

Maisha yenyewe ni haya. Alizaliwa Budapest tarehe 11 Januari 1921, jina la kwao Judit Pető, familia ya Kiyahudi iliyokuwa na uwezo wake, baba anashughulika na nafaka upande wa benki. Wazazi walimpeleka London mwishoni mwa miaka ya 1930 asome kemia, lengo likiwa vipodozi, yaani binti awe mtu wa krimu na poda. Vita ikavuruga kila kitu, London ikawa haiendeki tena, akabaki Budapest, na kwa sababu kazi nyingi zilikuwa zinafungwa kwa Wayahudi akaingia kwenye kiwanda cha mikoba kiitwacho Pessl kama mwanafunzi wa kazi. Na uanafunzi wa kule haukuwa wa kukaa ofisini. Unaanza kwa kufagia na kupika gundi. Ukishaaminika unapewa kukata, kisha kupunguza unene wa ngozi kwenye kingo ili ikunjike bila kuvimba, kisha kushona, kisha kuvalisha fremu, na mwisho ndo unachora pateni yako mwenyewe. Alipanda ngazi zote hizo akawa fundi kamili, mwanamke wa kwanza kukubaliwa kwenye chama cha mafundi mikoba wa Hungaria. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba Hitler ndo aliyemwingiza kwenye biashara ya mikoba, na ukijua kilichofuata unaelewa kwamba hakuwa anasema kwa wepesi.

Machi 1944 Wajerumani waliikalia Hungaria, Oktoba mwaka huohuo Arrow Cross, chama cha mafashisti wa Kihungaria, kikashika madaraka, na Wayahudi wa Budapest waliokuwa bado hai wakawa wanawindwa mchana kweupe. Baba yake alishachukuliwa kwenye kazi za kulazimishwa. Kilichowasaidia ni karatasi ya ulinzi ya Uswisi, Schutzpass, ambayo baba alifanikiwa kuipata, familia ikaingia kwenye jengo lililokuwa chini ya ulinzi wa Uswisi, wamebanana zaidi ya watu ishirini kwenye fleti moja. Inasimuliwa kwamba kwenye kipindi hicho cha kujificha alikuwa anachora mikoba kichwani, bila karatasi, ili akili isimtoke. Mimi nikisimama mbele ya kazi zake hilo haliniachi. Kuna mikoba ya miaka ya baadae kabisa, midogo, imejipanga mistari kwa mistari bila kosa hata moja, unajiuliza mingapi ilishamaliziwa kichwani kule Budapest kabla hajapata ngozi ya kuikatia.

Januari 1945 Warusi wakaichukua Pest, upande wa mashariki wa Budapest, mzingiro wa mji ukaisha upande ule, na yeye akaanza tena kushona nyumbani, akiwauzia wanawake waliokuwa wakifanya kazi ubalozi wa Marekani. Gus alikuwa askari wa Marekani, mtu wa mawasiliano ya redio, mzaliwa wa Brooklyn, na akiwa Budapest alipata nafasi ya kusoma uchoraji palepale. Wakapendana, wakaoana 1946, 1947 wakapanda meli kwenda New York.

Hapa ndo pananigusa zaidi kama fundi, na kwangu ndo siri ya biashara yote. Viwanda vya mikoba vya New York wakati ule vilikuwa vimeigawa kazi vipande vipande, huyu anakata tu, yule anapaka gundi tu, mwingine anafunga vifungio asubuhi mpaka jioni na hajui mkoba ulianzaje. Alafu anaingia binti mdogo, Kiingereza chenye lafudhi nzito, anaweza kuchukua ngozi ikiwa bado bapa mezani na kukutolea mkoba uliokamilika bila kumpa mtu mwingine hata hatua moja. Watu walishangaa, maana kazi ya kuchora pateni na ya ufundi wa juu ilikuwa ya wanaume, na mwanamke mhamiaji kazi yake ilitegemewa iwe mashine na kimya. Alizunguka kwa waajiri kadhaa, akakaa muda mrefu kwa Nettie Rosenstein, jina kubwa la mitindo enzi hizo, akapanda cheo. Na 1953 Mamie Eisenhower, mke wa rais mpya, alipovaa ile gauni yake ya pinki ya sherehe ya kuapishwa, yenye vijiwe zaidi ya 2,000, pochi iliyoendana nayo ilitoka mikononi mwa Judith. Ila jina lililotajwa lilikuwa la Nettie Rosenstein. Miaka sita tu toka ashuke melini, kazi yake iko mkononi mwa mke wa rais na hakuna anayemjua.

1963 wakafungua yao. Gus ndo alimsukuma, akimwambia muda wa kufanyia watu wengine umeisha. Wakaanza kwenye karakana ndogo Manhattan na mafundi wachache. Niseme wazi kuhusu hii biashara ya familia, kwa sababu watu wakisikia familia wanafikiria baba, mama, watoto watano na mjomba kwenye kaunta. Hawa hawakuwa na watoto. Familia ilikuwa ni mke na mume tu, yeye kwenye pateni na karakana, Gus kwenye mahesabu na mikataba huku akiendelea na uchoraji wake, na Gus hakuwa msaidizi wa mke, alikuwa msanii kamili mwenye kazi zake, michapo na michoro ya rangi ambayo leo inaning'inia chumba kimoja na mikoba. Hilo makumbusho imelifanya vizuri kuliko maandishi yoyote niliyowahi kusoma. Unaona mchoro wa Gus ukutani, unageuka unaona mkoba wa Judith kwenye kabati la kioo, na hakuna anayemfunika mwenzake.

Haya, tuje kwenye vijiwe, najua wengi ndo mlichofuata.

1967 alikuwa na mkoba wa chuma wa umbo linaloitwa chatelaine, ulitakiwa kuchovywa dhahabu, na sampuli zikarudi dhahabu imekaa vibaya, madoadoa, rangi haieleweki. Mtu mwingine angezirudisha kiwandani na kulia hasara. Yeye alichukua vijiwe akafunika pale palipoharibika, alafu akaendelea mpaka mkoba mzima ukawa unawaka. Ndo zikazaliwa zile minaudière, pochi ngumu za chuma, ambazo leo ndo jina lake. Kazi yake inaanza na umbo la kuchonga kwa nta, kisha linatengenezwa ganda la chuma, linachovywa dhahabu, muundo wa rangi unachorwa juu, na hapo fundi anaanza kubandika kristali za Austria moja moja kwa mkono, maelfu kwa maelfu kwenye pochi moja, na kazi inaweza kuchukua siku kadhaa. Ndani unakuta ngozi ya rangi ya dhahabu, kioo kidogo, kitana chenye kishada, na kijipochi cha sarafu.

Ukiwa mbele ya kabati la wanyama na mboga, simama karibu uangalie mpangilio wa saizi. Picha za mtandaoni haziwezi kukuonyesha hili. Vijiwe havilingani. Pale umbo linapopinda, kwa mfano shingoni mwa ndege au pembeni mwa nyanya, vijiwe vinapungua ukubwa taratibu ili mstari usivunjike, na penye bapa vinaongezeka. Kuna bilinganya, kuna fungu la asparaga, kuna kipande cha tikiti maji chenye mbegu zake, na vyote ukivitazama kwa hatua mbili nyuma rangi zinachanganyika kama mchoro. Aliyeishi na mchoraji miaka yote hiyo lazima angejua rangi inafanya nini machoni. Wake wa marais nao walimfuata kwa miongo, Barbara Bush alitengenezewa pochi ya umbo la mbwa wake Millie, Hillary Clinton akatengenezewa ya paka wake Socks, na Beverly Sills, yule mwimbaji mkubwa wa opera, alikuwa anazikusanya.

Ila mimi maoni yangu, na najua wengine hawatakubali, kazi yake kubwa zaidi si zile za vijiwe. Ni za ngozi na kitambaa. Nendeni muone jinsi alivyokuwa anapiga marinda kwenye ngozi. Marinda kwenye ngozi ni kazi ngumu kweli, ngozi haikunjiki kama kitambaa, ikiwa nene inavimba, ikiwa nyembamba inapasuka kwenye mkunjo, na marinda yakikosea milimita moja mwanzoni, mwisho wa mkoba kosa limekuwa sentimita. Yake yananyooka kutoka kwenye fremu mpaka chini kama yamechorwa. Alitumia mamba, mbuni, mjusi, nyoka, alitumia vitambaa vya obi, ile mikanda ya kimono ya Kijapani, mashanga, mawe ya thamani ya kati kwenye vifungio. Kila mwaka alikuwa anatoa miundo mipya mingi, jumla maisha yake yote inapita 3,000. Na yote ilitoka New York akiwa mwenyewe anapita mezani kwa mafundi, anaokota mkoba, anaugeuza, anaurudisha kama haujakaa sawa. 1973 alipata tuzo ya Coty, tuzo kubwa ya mitindo ya Marekani enzi hizo, akiwa mbunifu wa mikoba tu, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa sababu mikoba ilihesabiwa kitu cha pembeni, na 1994 chama cha wabunifu wa Marekani kikampa tuzo ya heshima ya maisha.

Sasa huu wangu. Nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, sitamtaja, mkoba wa bega wa ngozi ya nyoka aina ya karung, mweusi, fremu ya rangi ya dhahabu, juu kifungio chenye jiwe, mnyororo mwembamba unaoweza kuuingiza ndani ukabaki na pochi ya mkononi. Sikufika hata dola 300. Muuzaji aliandika hali ni nzuri sana, ulipofika bitana ina doa la lipstiki na kitana hakipo, tukabishana kidogo akapunguza bei. Hayo yameisha. Mkoba wenyewe ndo nataka kuuongelea.

Kifungio. Jamani kifungio. Nimeshika mikoba mingi ya bei ya juu na ya chini, na kitu cha kwanza kuchoka huwa ni kifungio, kinalegea, kinaanza kufunguka chenyewe kwenye treni ukiwa umesimama. Huu una miaka mingi kuliko ndoa nyingi ninazozijua na bado unafunga kwa mlio mmoja mfupi, unakaa, haucheziki. Fremu haijapinda hata kidogo, ukiweka mkoba mezani umefungwa na kuutazama kwa mbele pande mbili zinalingana sawasawa. Nimejaribu kutafuta ngozi inaingiaje kwenye fremu, mshono umefichwa, gundi haijatoka nje popote, na kwenye pembe ambapo mafundi wengi (nimo) tunakata tamaa na kukunja juu juu, kuna vimikunjo vidogo vimepangwa kama feni, vyote saizi moja. Nilikaa na tochi na kioo cha kukuzia jioni nzima. Nimejifunza pembe zile kutoka kwenye huo mkoba na sasa naziiga kwenye kazi zangu.

Upungufu upo. Mkoba ni mdogo. Zilitengenezwa kabla ya simu kubwa, kwa mwanamke anayeenda usiku kwenye shughuli na lipstiki, leso, ufunguo na noti. Huu wa bega simu yangu inaingia kwa kulala na basi, ukiongeza miwani haufungi. Zile minaudière ndo kabisa, nyingi simu za leo haziingii, kwahiyo ukinunua jua unanunua pambo la kubeba usiku mmoja na si chombo cha kazi. Kama unataka mkoba wa kila siku wa ofisini na kompyuta ndogo, huyu siye wako.

Kwa anayetaka kununua za zamani, na mimi nasema nunueni za zamani, zile alizosimamia mwenyewe, angalieni haya. Jina linakuwa ndani, iwe kwenye kibati kidogo cha rangi ya dhahabu au limegongwa kwenye bitana, herufi ziwe zimenyooka, zikiwa zinapanda na kushuka kimbia. Za vijiwe omba picha za karibu za kona na za chini, huko ndo vijiwe hudondoka kwanza, na angalia kama kuna vilivyofifia vikawa vyeusi, maana hivyo hata ukivisafisha havirudi. Vijiwe viwili vitatu kukosekana si tatizo, fundi mzuri atavirudisha, ila ukiona eneo zima limebandikwa upya kwa vijiwe vya saizi moja, bei ishuke. Uliza kama kijipochi, kioo na kitana bado vipo, seti kamili inashikilia thamani. Uliza harufu, ndiyo, uliza, ngozi iliyokaa kwenye stoo yenye unyevu haitoki harufu. Za mamba mkitaka kuvuka nazo mipaka ulizieni kwanza masharti ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, msije mkanyang'anywa uwanja wa ndege. Na ukishaipata usiipulizie manukato, ile pombe iliyomo inachafua gundi na ngozi yote.

Narudi Springs kidogo maana kuna jambo sijalisema. Waliiuza kampuni 1993, kwa Waingereza, Judith akaendelea kubuni mpaka alipostaafu 1998, na baada ya hapo akaanza kuinunua tena mikoba yake mwenyewe. Minadani, kwa wakusanyaji, mtandaoni, popote. Kwa sababu akiwa kazini alikuwa anauza, hakuwa anaweka akiba ya kila kitu, biashara ndogo ya mke na mume haiwezi kulaza mali kabatini, kwahiyo ili kuwe na makumbusho ilibidi ashindane bei na wateja wengine kwa kitu alichokikata kwa mkono wake. Nikiangalia kabati zile nawaza kuhusu hilo sana. Sisi tunaoshona tunauza ili tule, na mara nyingi hatubaki hata na picha. Tangu nimetoka kule napiga picha kila mkoba unaotoka mezani kwangu, mbele, nyuma, ndani, na pateni zote naziandika tarehe na kuziweka kwenye bahasha.

Gus na Judith walifariki siku moja, 28 Aprili 2018, hapohapo Springs, wamepishana saa chache, Judith ana miaka 97 na Gus 96, kwenye ndoa ya miaka 72. Makumbusho inaendelea.

Ya safari. Treni ya Long Island Rail Road kutoka Penn Station inafika East Hampton, tawi la Montauk, hesabu karibu masaa matatu na usitegemee treni nyingi kwa siku, au panda basi la Hampton Jitney kutoka Manhattan, Ijumaa mchana wakati wa joto msithubutu maana foleni ya kwenda Hamptons ni mateso. Ukishuka East Hampton bado unahitaji teksi mpaka Springs, kwa miguu ni mbali na barabara hazina njia ya waenda kwa miguu sehemu nyingi. Wakienda watatu wanne wakachangia gari inakuwa nafuu zaidi. Chakula beba chako, mji wa East Hampton bei zake ni za matajiri waliojenga huko. Na kama muda unabaki, nyumba ya wachoraji Jackson Pollock na Lee Krasner iko Springs hiyohiyo, wapenzi wa uchoraji wanaunganisha zote mbili, ila hiyo ina utaratibu wake wa kuweka nafasi.

Watoto wanaweza kwenda, wanawapenda wale wanyama, ila washikeni mikono ndani. Wazee wanapata shida kidogo bustanini kwa sababu ni nyasi na miinuko, ndani ni rahisi. Makumbusho ni ya msimu, kipindi cha baridi inafungwa, na hata kipindi cha joto si kila siku ya wiki, kwahiyo angalieni ratiba ya mwaka huo kabla hamjakata tiketi. Maonyesho nayo yanabadilika msimu hadi msimu, mliokwenda miaka ya nyuma mtakuta vingine. Mimi msimu ujao narudi na daftari la kuchorea, kuna mkoba mmoja wa mjusi wenye marinda ya kukutana katikati na bado sijaelewa alianzia wapi kukata.